Siku Papa Alipofunga Depo

Juzi nilipita mbele ya depo moja hapa Kimemi, mjini Butembo, milango yote miwili wazi, na harufu ikanifikia kabla sijamwona mwenye duka: makayabu, mafuta ya mawese na sabuni ya kufulia, vyote kwa pamoja. Nilisimama hapo hapo barabarani mpaka mwendesha pikipiki akanipigia honi. Ninyi mliokua Butembo miaka yangu mnaijua harufu hiyo. Makayabu, yule samaki mkavu wa chumvi, hana adabu, hujitangaza mwenyewe. Kwa wengine ni harufu ya duka tu, lakini kwangu ni harufu ya Papa, baba yangu, maana aliingia nayo nyumbani kila jioni, akalala nayo, na Jumapili hata sabuni ya kuogea haikuishinda. Tulikwenda nayo mpaka kanisani, na waliokaa benchi la nyuma yetu walijua tumefika bila kufumbua macho.

Papa alikuwa na depo yake chini kidogo ya nyumba yetu. Aliifungua wakati ukungu bado umelala barabarani na kuifunga wakati walinzi wa usiku wanakusanya kuni zao. Ndani kulikuwa na kiti kimoja, na kwenye kiti hicho lilikaa gunia la chumvi. Papa mwenyewe alisimama. Alipima akiwa amesimama, alikula amesimama, hata rozari niliwahi kumwona akiisali amesimama, mkono mmoja kwenye mizani. Mtaani kwetu hakuna aliyeona ajabu. Kwetu mtu akikaa kivulini mchana huulizwa anaumwa wapi.

Depo ilifungwa kwa mambo mawili tu, misa ya Jumapili na kilio. Hiyo ilikuwa sheria ya mtaa mzima, ingawa hakuna aliyewahi kuiandika. Mlango wa biashara ukikutwa umefungwa siku ya kazi, basi kuna mtu amekufa, na majirani hawangoji kuitwa. Huyu analeta kuni, yule maharage, mwingine viti vya plastiki na shitingi la kuzuia mvua. Watu wa shirika, yaani jumuiya yetu ndogo ya Wakristo, wanakuja na nyimbo zao. Jina la marehemu huulizwa baadaye, watu wakiwa wameshakaa.

Nilikuwa kwenye umri wa kung'oka meno ya mbele Papa alipoanguka kati ya magunia. Hakuanguka kwa kishindo. Alikunja magoti taratibu kama mtu anayetafuta kitu sakafuni, akabaki pale. Kwenye kituo cha afya muganga alimpima, akasema ni tansion, yaani presha, imepanda kupita kiasi. Mimi nilisimama nyuma ya pazia na nikasikia yote. Alimwambia Mama kwamba huyu mtu apumzike, walau siku moja kila mwezi aiache kazi kabisa na kwenda mbali nayo, la sivyo atakufa upesi. Papa alikuwa anavaa shati. Aliuliza kama dawa zile anaweza kuzimeza akiwa kazini.

Kuanzia hapo nyumba yetu ilikuwa na vita, vita vya chini chini, vya kuanzia chakula cha jioni. Mama alitaka siku moja, na Papa alikuwa na sababu. Mara chumvi inaingia kesho, mara wateja wa Lubero wanashuka, mara mwisho wa mwezi. Mama alijaribu upole, akajaribu kununa, akajaribu kumtumia padri, na padri mwenyewe aliishia kununua sabuni. Mwisho alimtolea methali tuliyokuwa tunaiimba shuleni, kwamba mchumia juani hulia kivulini.

"Jua umechumia mingi," alimwambia. "Kivuli utakulia wapi? Kwa makaburi?"

Papa aliendelea kumenya ndizi yake. Papa akikosa sababu ya kutoa, Mama alijua yeye ameshinda.

Aliyempa Mama wazo la mahali pa kwenda ni Papa Saidi, Mwislamu wa Beni aliyekuwa akisafirisha mizigo ya Papa kati ya miji yetu miwili na kula kwetu kila alipopita. Alisema kule Beni wamefungua parke, uwanja wa michezo ya watoto, na kwamba wanawe aliwapeleka mara moja, ikabidi wawili awatoe kwa kuwabeba. Mipango ikafanywa. Dada yangu mkubwa, Masika, aliambiwa. Mimi sikuambiwa, kwa sababu mdomo wangu haukuwa na mlango, na Mama aliogopa ningemwambia mteja mmoja, na mteja huyo angempa Papa sababu ya kubaki.

Kwa hiyo asubuhi ile niliamka nikakuta mambo yaliyonitisha. Ilikuwa siku ya kazi, tena siku ya soko. Mama alikuwa amevaa kitenge kilicholala kwenye sanduku mwaka mzima, na kitambaa cha kichwa amekifunga kwa nguvu. Masika alinivalisha viatu vya Jumapili. Nilipochungulia nje, nikamwona Papa mbele ya depo, na depo imefungwa. Alikuwa anashika kufuli, anaachia, anarudi kulishika tena, kama mtu anayeaga mgonjwa. Nikamuuliza Masika nani amekufa. Masika, aliyekuwa ameapishwa asiseme neno, alinijibu kwamba ninyamaze, nitaona tukifika.

Jibu hilo hilo ndilo nililopewa mwaka babu alipokufa. Papa Saidi alipokuja na gari na kusema tunaelekea njia ya Beni, mambo yakanikaa sawa kichwani. Ukipita Beni unafika Oicha, na Oicha ndiko alikokaa mukaka, mama yake Papa, bibi aliyekuwa akinitumia karanga za kukaanga na kuniita mume wake. Mukaka alikuwa amekufa, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuniambia.

Nilisafiri na huzuni yangu peke yangu, nimebanwa kati ya Masika na kikapu cha chakula. Butembo tuliiacha na baridi yake na miti yake ya mikaratusi iliyosimama ndani ya ukungu. Barabara ilishuka, vumbi likapanda, na kadiri tulivyoshuka joto lilituvua nguo moja moja, kwanza sweta, kisha soksi. Kwenye kizuizi cha wanajeshi Papa Saidi alisalimia kwa Lingala yake ya utani, wakacheka, wakainua kamba. Karibu na Beni watu walikuwa wameanika kakao kando ya njia, na harufu yake kali kama ya pombe changa iliingia dirishani. Papa alikaa mbele na funguo za depo mkononi. Kila lori lililotupita aligeuka kulitazama na kutuambia limebeba nini na linapeleka kwa nani.

Jambo lililoniudhi zaidi ni kwamba Mama alikuwa anacheka. Papa Saidi alikuwa anasimulia habari za mbuzi aliyepanda ndani ya taksi, na Mama, mkwe wa marehemu, alicheka mpaka akajifuta machozi na kitenge. Nilimhukumu vikali sana. Nilijiambia kwamba siku yeye atakapokufa nami nitacheka kidogo njiani, aone ilivyo. Nasema ukweli, ndivyo nilivyofikiri, na nilikuwa mtoto wa komunyo ya kwanza.

Kisha tukafika, na macho yangu yakathibitisha kila kitu. Mlangoni watu walikuwa wamepanga foleni na nguo zao nzuri, wakitoa pesa kwa mtu aliyekaa nyuma ya meza, kama vile watu wanavyotoa mchango kwenye kilio. Ndani niliona shitingi zimefungwa juu, viti vya plastiki safu kwa safu, moshi wa jikoni, wanawake wanaokoroga masufuria, jenereta inayonguruma na spika kubwa inayopiga muziki. Niliwaza kwamba mukaka alikuwa mtu mkubwa kuliko tulivyojua. Na kwa kuwa nilikuwa nimelelewa vizuri, nilijua la kufanya. Kwetu ukienda kwenye kilio huanzi kulia ukishakaa, unaanza mlangoni, ili waliotangulia wajue na wewe umefika. Nikaweka mikono kichwani, nikafungua kinywa changu kisicho na meno ya mbele, nikalia kwa sauti yote Mungu aliyonipa, nikimwita mukaka kwa jina lake na kumuuliza ananiacha na nani.

Foleni ilipasuka katikati. Mtu wa mezani alisimama akavua kofia. Mtoto mmoja mwenye puto alianza kulia naye, halafu mwingine, na mama mmoja mgeni kabisa akanishika bega akaniambia pole. Masika alijifunika uso. Mama alikuwa anatafuta namna ya kuniziba mdomo bila kuonekana ananipiga. Papa ndiye aliyepiga magoti mbele yangu, pale kwenye vumbi, na suruali yake ya Jumapili.

"Nani alikuambia mukaka alikufa?"

"Depo imefungwa," nikasema.

Alinifuta machozi. "Mukaka iko muzima. Hakuna mutu alikufa. Tulikuja kucheza tu."

"Na weye pia?"

"Mimi niko mukubwa. Mimi nitabachunga."

"Muganga alisema kama haupumzike, utakufa," nikamwambia. "Nilisikia. Nilikuwa nyuma ya pazia."

Sikujua kama Mama na Masika walikuwa wanasikia. Walikuwa wanasikia, na Papa Saidi pia. Papa alinyanyuka, akajipangusa magoti polepole, goti hili na lile, akanishika mkono. Alinipeleka moja kwa moja kwenye mashine ya kuzunguka.

Wanyama wa mashine ile walichomelewa na fundi wa hapo hapo Beni, na ilionekana fundi aliwajua wengine kwa kusikia tu. Simba alikuwa na uso wa mbwa aliyefukuzwa jikoni. Tembo alikuwa na masikio madogo kama vikombe. Lakini okapi, mnyama wa misitu yetu, alimpata vizuri sana, na michirizi yake yote kwenye mapaja. Mimi nilipanda simba kwa kumhurumia. Papa akapanda okapi. Magoti yake yalifika karibu na kifua, na uso wake alikuwa ameukaza kama anayepigwa picha ya kitambulisho.

Mashine ilianza. Mzunguko wa kwanza Papa alishika chuma kwa mkono mmoja na funguo kwa mkono mwingine, akitazama mbele bila kupepesa. Tulipompita Mama tena, nikamwona Papa ananyoosha mkono na kumrushia zile funguo, naye Mama akazidaka kwenye kitenge. Sasa Papa alikuwa na mikono yote miwili. Jenereta ikaongeza nguvu, upepo ukatupiga, na nyuma yangu nikasikia sauti nisiyoijua, nene, inayokatika katika kama injini isiyowashwa siku nyingi. Niligeuka. Papa alikuwa anacheka. Nilifurahi na nikaogopa kidogo pia, kwa sababu nilikuwa sijawahi kuisikia sauti ile na sikujua inaishaje.

Iliisha kwa Papa kumtaka mwendesha mashine atuzungushe tena. Tulizunguka, sasa pamoja na Masika, mpaka akaomba ashushwe. Tuliteleza kwenye tobogani, tukabembea, tukala brosheti, mishikaki ya mbuzi, na ndizi za makemba za kukaanga, tukanywa sukre, soda baridi iliyotuwasha pua mpaka machozi. Mchana Papa alilala kwenye mkeka chini ya shitingi moja, viatu amevua, mdomo wazi, na watoto wa watu wakimruka. Mama alikaa karibu naye akimfukuzia nzi na kunitazama kwa macho ya onyo kila nilipokaribia. Hakuna aliyemwamsha mpaka alipoamka mwenyewe, akauliza yuko wapi, na alipokumbuka akalala tena.

Tulirudi Butembo jua likiwa bado halijazama. Tulipokata kona ya mtaa wetu Papa Saidi alipunguza mwendo, kisha akasimamisha kabisa. Uwanjani kwetu kulikuwa na moshi. Shitingi la bluu lilikuwa limefungwa kutoka paa la jiko mpaka kwenye mparachichi, viti vimepangwa, wanaume wamezunguka moto, na ndani wanawake walikuwa wanaimba wimbo ule ambao kwetu hauimbwi kwa jambo lingine. Mimi, niliyekuwa nimeaibishwa asubuhi, nilikuwa wa kwanza kusema kwamba hicho sasa ni kilio. Hakuna aliyenibishia.

Papa alitutazama mmoja mmoja ndani ya gari. "Sisi bote tuko hapa," akasema taratibu. "Sasa ni nani?"

Kwetu hata kama ni uwanja wako, huingii kwenye kilio ukiuliza maswali. Unakaa kwanza. Papa alivua kofia, akanishika mkono, tukapita kando kando mpaka kwenye moto wa wanaume. Watu walikuwa wameinamisha vichwa, hakuna aliyetutazama. Akakaa kwenye kiti karibu na mzee mmoja muuza makala, yaani makaa ya kupikia, mtu wa shirika letu, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Papa aliacha muda wa heshima upite, kisha akainama.

"Nani alikufa?"

"Mwenye depo," mzee alijibu, akiutazama moto. "Alianguka juzi juzi. Leo mulango haukufunguliwa. Tukajua."

Nilihisi vidole vya Papa vikinibana. Nilidhani atajitaja. Badala yake akauliza, "Alikuwa mutu wa namna gani?"

"Mutu wa kazi. Mizani yake haikuibia mutu." Mzee alisukuma kijinga cha moto na fimbo yake. "Lakini sikumuonaka amekaa, hata siku moja. Kila siku namukuta amesimama. Nilikuwa nasema, siku huyu atakaa, nitamuuliza habari ya batoto yake."

Moto ulilia kidogo. Wanawake ndani walianza ubeti mwingine.

"Uliza," Papa akasema. "Nimekaa."

Mzee aligeuza kichwa. Alisogeza uso wake karibu sana na wa Papa, akanusa, na nadhani makayabu ndiyo yaliyomhakikishia, maana macho yasingeweza. Papa akaanza kucheka, ile sauti ya okapi, na sasa ilikuwa imepata mazoezi. Kila kichwa kikainuka. Kijana mmoja aliruka kuni akaenda zake. Mama Kahindo, jirani yetu muuza mikate, ambaye ndiye aliyeona kufuli asubuhi na kuupa mtaa habari, alitoka ndani na mwiko mkononi, akamwona marehemu amekaa na mwanawe, akakaa chini pale pale mlangoni.

Alipopata pumzi alikuwa na hasira kweli kweli. Alitaka kujua ni mtu gani mwenye akili anafunga depo siku ya soko bila kufa. Papa alimweleza kwamba tulikuwa tumekwenda kutembea. Mama Kahindo akauliza kutembea wapi, kwa biashara gani. Papa, mbele ya shirika zima, akasema hakuna biashara, alipanda okapi. Hapo mzee wa makala akagonga fimbo chini na kucheka mpaka akakohoa, na uwanja wote ukamfuata. Waliosema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, walikuwepo pia, wakinong'ona kwamba tusubiri wiki iishe.

Maharage yalikuwa yameiva kwa sufuria tatu na hayangeweza kurudishwa mbichi, kwa hiyo kiongozi wa shirika aliamua sala iwe ya shukrani. Wimbo ukabadilishwa. Papa Saidi alibaki, akala, akatusimulia tena habari za mbuzi. Chumvi ilipopungua, mtu mmoja alimwomba Papa afungue depo mara moja tu, ni hatua chache. Mama aliinua macho. Funguo bado zilikuwa kwake.

"Leo tumefunga," Papa akasema. "Chumvi muombe kwa Mama Kahindo."

Aliendelea kukaa pale, akimhesabia mzee wa makala watoto wake, nani anasoma, nani anapenda nini, nani amelia mlangoni kwa watu. Mama alisimama kizani karibu na jiko kwa muda mrefu. Nilipomfuata nilikuta analia, na aliponiona akanituma maji.

Mwezi uliofuata Papa alifunga tena. Safari hii, kabla ya kuondoka, alichukua chaki ya kuwekea alama magunia, akaandika mlangoni kwa herufi kubwa: HAKUNA KILIO. TUMEENDA KUTEMBEA. Wasiojua kusoma walisomewa na Mama Kahindo, aliyekuwa ameshajipa kazi hiyo na kuifanya kwa sauti ya kanisani. Hatukwenda Beni kila mara. Kuna miezi barabara haikuwa nzuri kwa watu, tukaishia juu ya kilima na kikapu cha ndizi, Papa amelala kwenye majani. Mwenye duka la misumari alijaribu naye siku moja, kisha fundi cherehani. Baada ya miaka kadhaa Papa aliacha hata kuandika, mtaa ulikuwa umezoea. Muganga yule yule alizeeka akimpima na kutikisa kichwa kwa furaha. Mukaka wa Oicha alikufa zamani, na safari hiyo nililia nikiwa na haki.

Papa aliishi mpaka akawapandisha wajukuu wake wa kwanza juu ya okapi. Alipofariki ilikuwa alfajiri, usingizini, amezeeka vizuri. Tuliiacha depo imefungwa, tukatandika mikeka, tukakaa kusubiri watu. Asubuhi ikapita, mchana ukaingia, na hakuna aliyekuja. Kupitia dirishani tuliwaona majirani wakipita mbele ya kufuli, wakilitazama, wakitabasamu, wakiendelea na safari zao. Ilibidi Masika atoke barabarani na kuwaambia. Mama Kahindo alifika akikimbia kwa miguu yake ya uzee, kuni mbili kwapani, akaanguka mbele ya Mama akiomba msamaha.

"Tuliona depo imefungwa," akasema, "tukafurahi. Tukasema, Papa ameenda kutembea."